Adui aliyelipa deni

"Mjomba, huyu ni stelingi au adui?"

Swali lilinikuta kijiko cha wali kiko njiani kwenda mdomoni. Tulikuwa kwa dada yangu Tabata, Jumapili mchana, feni inazunguka kwa uvivu, na kwenye runinga ilikuwa inaendelea katuni ya majoka, How to Train Your Dragon 2. Mpwa wangu ana miaka tisa na anapenda kujua mapema amshangilie nani. Aliyekuwa anamwulizia ni Eret, mwana wa Eret, kama mwenyewe anavyopenda kujitangaza: mtega majoka mwenye chale kidevuni na mdomo usiochoka.

Nikamjibu kwa mazoea, bila hata kufikiri. "Adui."

Muda si mrefu Eret akawa juu ya mgongo wa joka, anapigana upande wa wale aliokuwa anawawinda. Mtoto akanigeukia na jicho la mtu aliyepunjwa chenji. "Mjomba, si ulisema adui?"

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa kwamba muvi ina watu wa aina mbili. Kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi. Atapigwa risasi, atatumbukia mtoni na gari zima, watu wataanza kusikitika, lakini wewe ukiona mkanda haujafika hata nusu unajua atarudi na kitambaa begani. Adui anakufa, na maadui hufa kwa vyeo: wadogo kwanza, mkubwa wao mwisho kabisa, tena kwa mateso. Pembeni yupo rafiki wa stelingi, ambaye kazi yake ni kufa mapema ili mwenzake apate hasira ya kumaliza kazi. Tulikaa kwenye mabenchi jasho likitutoka, sauti ya Lufufu ikitufasiria mambo ambayo nusu yake hayakusemwa kwenye muvi yenyewe, na mpangilio huo ulitutosha.

Msaliti tulimfahamu, yule anayetoka upande wetu kwenda kwa adui, na tulimzomea. Ila anayetoka kwa adui kuja kwetu hatukuwa na jina lake. Akitokea, lazima mmoja wa nyuma kabisa angepiga kelele, "Usimwamini huyo!", na kibanda kizima kingekubaliana naye hadi taa ziwashwe. Ndiyo sababu nilimjibu mtoto vile. Sikuwa na neno la tatu.

Tangu siku ile nimeitazama filamu hiyo mara mbili tena, mara moja peke yangu usiku. Ilisifiwa sana ilipotoka, ikachukua Golden Globe ya katuni bora mwanzoni mwa 2015, na watu wengi niliozungumza nao wanaikumbuka kwa msiba uliomo ndani yake au kwa mama aliyerudi. Eret hatajwi. Ukimsimulia mtu hadithi kwa haraka unaweza kumruka na asione pengo. Mimi nasema huyo mnayemruka ndiye anayeizuia filamu nzima isijikane yenyewe.

Filamu ya kwanza, ya 2010, ilikuwa na hoja iliyonyooka. Kijana Hiccup wa kijiji cha Berk anaangusha joka, anashindwa kuliua, wanazoeana, na mwisho anawathibitishia watu wake, akiwemo baba yake mbishi, chifu Stoick, kwamba vita yao na majoka ilikuwa ya bure. Ubishi huo anaushinda kwa gharama ya mguu. Hii ya pili, ya 2014, iliyoandikwa na kuongozwa na Dean DeBlois, inamkuta Hiccup ana miaka 20 na imani moja kichwani: kama nilimgeuza baba yangu, nani atanishinda?

Anayemfuata sasa ni Drago, mtu anayekusanya jeshi la majoka. Stoick anamfahamu. Aliwahi kukaa kwenye baraza la machifu ambalo Drago aliliendea, wakamcheka, naye akaondoka na kuacha majoka yakiuteketeza ukumbi. Aliyetoka hai ni Stoick peke yake. Mzee anamwambia mwanawe kwamba mtu anayeua bila sababu hakuna sababu utakayompa akaacha. Hiccup hasikii. Anakwenda, anasimama mbele ya Drago katikati ya mapigano, anajaribu kusema naye kiutu uzima. Drago analiamuru joka lake kubwa, lile lenye uwezo wa kuzitawala akili za majoka mengine, limgeuze Toothless, joka kipenzi cha Hiccup, ammalize rafiki yake. Stoick anajitupa katikati. Anakufa yeye.

Hapo ukipiga hesabu ya mtaani, baba alikuwa sahihi na mtoto amemponza. Hata mwishoni, Drago ameshazidiwa kabisa na anaambiwa basi yaishe, anagoma. Sikio la kufa. Kwa hiyo hoja kuu ya filamu, kwamba binadamu hubadilika, imejaribiwa mbele ya macho yetu na imeanguka, na imeacha maiti. Mwondoe Eret uone kinachobaki. Kinabaki kisa kinachowaambia watoto kuwa wapo watu wa kuzungumza nao na wapo wa kupigwa tu, na kwamba baba aliyekataa mazungumzo ndiye aliyeona mbali.

Eret ndiye shahidi wa upande wa pili. Na uzuri wake ni kwamba Hiccup hakumgeuza. Alijaribu, ndiyo: alitua kwenye meli yake akajisalimisha kwa hiari ili apelekwe kwa Drago, akaanza kueleza jinsi majoka yalivyo viumbe wema. Eret aliona mzigo umejileta wenyewe. Maneno yale yalipita kama upepo wa Kigamboni.

Tumtazame vizuri huyu bwana. Tunakutana naye mara ya kwanza kwenye mabaki ya ngome yake iliyovunjwavunjwa na barafu kubwa, anagombana na kila mtu, anatafuta wa kumlaumu. Ana hesabu ya majoka ya kupeleka na siku zinamwishia. Halafu kuna kitendo cha sekunde chache tu. Anavuta nguo kifuani na kuonyesha kovu la kuchomwa. Drago alimtia alama ile siku alipokwenda mikono mitupu, na akamwahidi kwamba safari nyingine hatakuwa mpole hivyo. Eret anafunika kifua na kuendelea na shughuli.

Ukishaliona kovu lile unaielewa kazi yake. Hawachukii majoka. Hana maneno makubwa juu yao kama aliyonayo Drago. Anatega, anafunga, anapakia, anapeleka, analipwa, asipopeleka, anachomwa. Ni mtu wa katikati kwenye mnyororo wa biashara, mwenye bosi asiyetaka visingizio. Watu wa namna hii sisi wa Dar tunawafahamu vizuri zaidi kuliko tunavyowafahamu akina Drago.

Chukua saiti mira. Aliyewahi kulaza gari nje jijini hapa anaijua habari hiyo. Unaamka asubuhi, gari limekatwa masikio, waya zinaning'inia. Unakwenda mtaa wa vipuri, sitautaja, unaletewa kioo, unakigeuza, unakuta mkwaruzo unaoufahamu. Kioo chako. Unakaa hapo kupatana bei ya kununua mali yako mwenyewe, na muuzaji anakuapia kimeshushwa juzi kutoka Japani. Kijana aliyeking'oa hana ugomvi na wewe wala na gari lako. Kuna mtu mahali fulani anasubiri mzigo.

Kijiweni kwetu yupo mmoja aliyekuwa kwenye kazi hiyo. Siku hizi anafanya kinyume chake: anachora namba za gari kwenye vioo na taa, na anapiga ribiti ili kioo kisitoke. Nilipompelekea langu mara ya kwanza hakuanza na mashine. Aliweka viganja viwili kwenye saiti mira, gumba chini, vidole vinne juu. "Sisi tulikuwa tunakamata hapa," akasema. "Unasukuma ndani, unainua, kinaachia chenyewe." Kikalia kidogo. Nilishtuka kama mtu aliyehisi mkono wa mwenzake mfukoni mwake. Kisha akachukua kalamu, akatia nukta palepale gumba lilipokuwa, na ribiti ikaingia hapo.

Namna alivyoacha nimeisikia kwa midomo mitatu na kila mdomo una yake. Ninayoiamini mimi ni hii. Wananchi wenye hasira kali walikuwa wameshamlaza chini na tairi limeshafika. Mama mmoja anayeuza chakula pale jirani akapenya, akasimama juu yake na mwiko mkononi, akasema, "Huyu kala kwangu asubuhi hajanilipa. Mkimchoma, hela yangu atanipa nani?" Watu wakacheka. Ukishacheka, kiberiti kinakuwa kizito. Jamaa alilipa ile sahani ya ubwabwa, na wanasema hajaacha kuilipa hadi leo: ndoo za maji za yule mama anabeba yeye, gunia la mkaa anashusha yeye. Hakuna aliyemkalisha chini akamhubiria.

Sasa rudi kwa Eret. Astrid, mchumba wa Hiccup, na wenzake wanamteka, wanampandisha angani na kumwachia aanguke, na Stormfly, joka la Astrid, anamdaka kabla hajafika chini. Kwa hofu hiyo anakubali kuwaongoza kwa Drago. Unadhani ameshalainika? Akifika tu anageuka mfanyabiashara. Anamkabidhi Drago majoka yale kama mzigo alioahidi, na vijana wanaoyapanda anawatoa kama nyongeza isiyo na malipo. Dakika hiyo jibu langu kwa mpwa wangu lilikuwa sahihi asilimia mia.

Lakini Drago anagundua kwamba mzigo umekuja na mkosi: kuna kijiji kizima kinachopanda majoka, na Eret ndiye aliyewaleta hadi mlangoni. Anaagiza aondolewe. Basi. Mitego yote aliyotega, safari zote za baharini, kovu la kifuani, vyote vinafutwa kwa sentensi moja na bosi hata hamtazami usoni. Na anayemkinga na silaha za watu wa Drago ni Stormfly. Mzigo wenyewe.

Sitisha hapo uangalie uso wa Eret. Filamu ingeweza kumwaga machozi, ingempa sentensi tatu za kujutia maisha yake huku violini zikilia. Haifanyi hivyo. Anashangaa tu, kama mwizi aliyeokotewa pochi yake na mtu ambaye alikuwa anataka kumwibia. Nadhani huu ndio uamuzi bora kabisa aliofanya DeBlois kwa mhusika huyu: kumnyima nafasi ya kusema, mtu ambaye tangu aingie hajanyamaza.

Tukimwona tena yuko kazini. Anapambana na walinzi, anawafungulia vijana wa Berk, anamfungua Stormfly, halafu anampanda na kuingia naye vitani bila kujua hata ashike wapi. Dawa ya deni kulipa, na Eret analipa kwa alichonacho: mikono inayojua fundo liko upande gani. Mwanamaji, mtegaji, mtu wa kamba na pingu. Kila alichofanya akiwa adui kinatumika, kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Nilipofika hapo kwenye kuitazama mara ya pili ndipo nilipoiona ile nukta ya kalamu kwenye saiti mira yangu.

Baadaye, majoka makubwa yakiwa yametekwa akili, wanalazimika kurudi Berk wamepanda majoka machanga yasiyosikia amri ya mtu yeyote, ya Drago wala ya anayeyapanda. Eret naye yumo, roho mkononi. Mpwa wangu alicheka hadi akapaliwa.

Hadithi zetu za asili hazikuwa na subira na watu kama hawa. Fisi habadiliki. Utamkuta na tamaa yake mwanzo wa hadithi na utamwacha nayo mwisho, imeshamtumbukiza kisimani. Zimwi hutumbuliwa, waliomezwa wakatoka, na hakuna aliyewahi kuuliza kama zimwi lilijuta. Anayekaribia kabisa ni Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa husuda, wanageuzwa manyani, na Adili mwenyewe, yeye aliyedhulumiwa, ndiye anayelazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Wanakuja kurudishiwa utu wao, ila kwanza wanapita kwenye mijeledi, usiku baada ya usiku. Sisi tumezoea utaratibu huo: adhabu itangulie, msamaha ufuate, na ikiwezekana majirani wasikie kelele.

Eret hapigwi hata fimbo moja kwa yale aliyoyatenda. Na hapo ndipo ninapogombana na filamu ninayoipenda.

Kuna sehemu ambapo Valka, mama yake Hiccup aliyedhaniwa amekufa miaka 20, anamtembeza mwanawe kwenye maficho ya majoka aliyoyaokoa. Anamwonyesha mmojammoja. Huyu mguu wake uliliwa na mtego wa chuma wa Drago. Huyu bawa lilikatwa na wavu wenye makali. Yule alipofushwa na mtego wa mtini, akaachwa afe peke yake kwa hofu. Ni dakika fupi na kamera haiharakishi. Filamu imetuonyesha bili, imeisoma kwa sauti, kila kiungo na jina la mtego uliokichukua. Mitego ya namna hiyo wanaitega watu wa kazi ya Eret. Kwa maneno mengine, tunajua deni ni kubwa kuliko maisha ya Eret yaliyookolewa na Stormfly mara moja. Tunasubiri tu mdaiwa na mdai wakutane.

Hawakutani. Hakuna mahali Eret anapoletwa mbele ya joka asiye na mguu. Nilikuwa na hakika tutafika huko. Nusu dakika ingetosha, wala asingehitaji kusema neno. Analipa deni kwa aliyemwokoa, waliolemazwa hawaonekani tena mbele yake. Na usisahau kwamba majoka yaliyovishwa deraya kwenye jeshi la Drago yalifikishwa pale na wategaji. Stoick alikufa kwenye vita iliyolishwa na biashara hiyo. Filamu haimuulizi Eret swali hilo hata kwa mzaha.

Badala yake, mwishoni, anakabidhiwa Skullcrusher, joka la marehemu Stoick. Mimi nimekulia kwenye familia ambayo hata shati la marehemu haligawiwi bila kikao, na wazee wakae, na shangazi mmoja anune. Nilipoona joka la chifu linakwenda kwa mtu aliyefika juzi, nilijikuta natafuta kwa macho shangazi wa kununa. Hayupo. Gobber, rafiki wa Stoick wa miaka yote, anatazama tu.

Dada yangu, aliyekuwa anakunja nguo na kujifanya haangalii, alilitetea jambo hilo vizuri kuliko nilivyotarajia. "Hawajampa zawadi," alisema. "Wamempa wa kumtunza. Angalia vizuri." Nimeangalia, na kweli linalosemwa pale ni kwamba Skullcrusher sasa atahitaji mtu wa kumwangalia. Mtega majoka anapewa joka lenye msiba alihudumie kila siku ya maisha yake. Kwa usomaji huo, hukumu imetolewa, ila imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Nakubaliana naye nusu. Nusu nyingine bado inamtafuta yule joka wa mguu mmoja.

Lipo jambo jingine, na hili nililifikiria zaidi nilipoitazama peke yangu. Nani anapewa mlango wa kubadilikia?

Eret ni kijana mtanashati, mabega yake yanashangaza hadi msichana Ruffnut anasahau vita, anatania, na sauti yake ni ya Mwingereza Kit Harington. Drago ana rasta nzito, makovu usoni, amejifunika ngozi ya joka, na sauti yake ni ya Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou, Benin. Hounsou anafanya kazi kubwa. Ile sauti inatoka chini ya ardhi, na bila yeye Drago angekuwa zimwi la kawaida. Lakini mimi natazama nikiwa Tabata, na pembeni yangu kuna mtoto mweusi anayeuliza ashangilie nani, na ninachokiona ni kwamba wa kusamehewa amepewa lafudhi ya London na wa kuzama baharini amepewa sauti ya kwetu. Sisemi walikaa kikao wakapanga hivyo. Nasema ndivyo ilivyotokea, na huko nyuma imetokea mara nyingi mno kiasi kwamba mtu hashtuki.

Inauma zaidi kwa sababu Drago naye amepewa kovu na historia. Anamsimulia Hiccup kwamba alikuwa mtoto, majoka yakachoma kijiji chake, yakachukua familia yake, akabaki hana kitu. Mkono mmoja hana. Hiccup naye mguu mmoja hana. Wako pale wanatazamana, wote wawili wamekatwa na wanyama walewale, mmoja katoka na urafiki na mwingine katoka na jeshi. Ni mahali patamu kuliko pote kwenye filamu, na waandishi wanapita kama daladala iliyojaa. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walishasema, lakini hadithi ingeweza kukaa hapo japo dakika mbili zaidi ituonyeshe kwa nini huyu hakupoa na yule wa alama ya moto kifuani akapoa.

Jibu langu mwenyewe, kwa kuwa filamu hainipi, ni kwamba Eret alikuwa bado anataka kitu. Alitaka kuishi, alitaka asichomwe tena, alitaka kuonekana hodari. Mtu anayetaka kitu anaweza kukopeshwa. Drago alishajipa kila kitu. Hana anachodaiwa na hakuna anayeweza kumkopesha chochote, hata uhai. Stormfly angemkinga Drago, Drago angeona ni wajibu wa Stormfly. Huo ndio utofauti ninaouona, wala hauhusiani na rasta wala lafudhi, ndiyo maana inakera kwamba waliupaka rangi hizo.

Kwenye filamu ya tatu, ya 2019, Eret yumo tayari kwenye kundi la Hiccup, wanavamia meli za wategaji usiku na kufungulia majoka. Hakuna anayemshuku tena. Hakuna pia anayemkumbuka sana: amekuwa mtu wa kujaza safu, mwenye mstari mmoja hapa na pale. Adui akishahamia upande wetu anageuka kuwa rafiki wa stelingi. Bahati yake katuni hizi haziwaui.

Mpwa wangu alimaliza tatizo lake kwa njia yake. Jioni ile watoto wa jirani walikuja, wakagawana vyeo uani. Mmoja Hiccup, mmoja Toothless, mdogo kuliko wote akalazimishwa kuwa Drago na akalia. Yeye alijichagulia Eret. Nikamuuliza kwa nini asiwe stelingi wakati katuni ni ya kwao na amri ni zake. Alikuwa anazungusha kamba ya kuanikia nguo kwenye mguu wa stuli, ulimi nje. "Huyu anafunga halafu anafungua," akasema. "Hiccup anaongea tu."

Wiki iliyopita niligongwa kidogo kwenye foleni, kioo cha kushoto kikalegea, nikaenda tena kijiweni kwa yule jamaa. Alikuwa na wateja wawili mbele yangu. Ningeweza kuacha funguo nikavuka barabara kunywa chai kwa yule mama wa mwiko, watu wengine wanafanya hivyo. Nilisimama palepale, mkono juu ya bodi la gari, tangu ribiti ya kwanza hadi ya mwisho, najifanya nasoma simu. Alipomaliza akafuta vumbi la chuma kwa kitambaa, akakitikisa kioo mara mbili kunionyesha hakichezi, nikampa hela yake.

"Hata mimi ningesimama, kaka," akasema, na kumwita mteja mwingine.